Tunakaguliwa, Hatuandaliwi: Risala ya Wazazi wa Kuasili

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Ndugu Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Maafisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri zetu. Waheshimiwa mliokuja kwa niaba ya Mahakama na RITA. Mama walezi wa makao ya watoto. Wazazi wenzetu, mabibi na mabwana:

Sisi tunaoleta risala hii ni wazazi tulioasili watoto, pamoja na wenzetu ambao maombi yao yangali kwenye majalada. Tunao walimu kati yetu, wauguzi, mama lishe, madereva wa mabasi, wakulima na wastaafu. Wapo waliokaa kwenye ndoa miaka mingi bila kujaliwa mtoto. Wapo waliojaliwa wa kuwazaa, wakaona nyumbani bado nafasi ipo. Wapo akina dada wasio na waume walioamua kuwa mama. Dini zetu ni mbalimbali, makabila yetu na vipato vyetu pia, ila tulipokutana kuandika maneno haya, mmoja alipoanza kusimulia yaliyomkuta, wa pembeni yake aliweza kummalizia.

Jambo letu kubwa, Mheshimiwa Waziri, ni hili: anayetaka kuasili mtoto katika nchi yetu anakaguliwa, haandaliwi. Ataulizwa mshahara wake. Ataonyesha cheti cha ndoa, cheti cha daktari, barua ya serikali ya mtaa, na majina ya wadhamini. Nyumba yake itatazamwa vyumba, choo na maji. Baada ya yote hayo atakabidhiwa mtoto, na tangu siku ya barua ya kwanza hadi siku hiyo, huenda asipatikane mtu hata mmoja aliyeketi naye akamwambia mtoto huyu anakuja na mambo gani, atalala vipi, atalia kwa nini, na ukoo wenu mtauambia nini.

Tuanze na lile tusilolilalamikia. Kukaguliwa hatukukatai. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo ni Sura ya 13 ya sheria za nchi, ilifuta sheria ya zamani ya kuasili iliyotungwa enzi za Mwingereza, ikayaweka mambo ya mtoto mahali pamoja. Ndiyo inayomtaka mwombaji asiye ndugu wa mtoto awe amevuka miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Ndiyo inayolifikisha ombi mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu, lisiishie kwenye makubaliano ya mdomo barazani. Ndiyo inayomtaka raia wa kigeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na awe amemlea mtoto walau miezi 3 chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Ukali huo una sababu zake. Watoto huibwa. Watoto huuzwa. Wapo wanaotafuta mtoto wa kuwafanyia kazi za ndani bila ujira na kumwita mwanao mbele ya watu. Sisi tungekuwa wa mwisho kuomba mlango huu ulegezwe, kwa sababu wanaoingia kwa hila wanatuchafulia jina sisi sote.

Tunachoomba ni kwamba nguvu ileile inayotumika kutupima itumike pia kututayarisha.

Mheshimiwa Waziri, tatizo linaanza kabla hata ya barua ya kwanza. Mtu akitaka kujenga, anajua aende ardhi na halmashauri. Akitaka kuasili mtoto, anauliza saluni, anauliza kwenye makundi ya simu, anamuuliza binamu aliyewahi kusikia. Mwenzetu mmoja aliambiwa na ofisi moja aanze kwa kutafuta wakili. Mwingine aliambiwa aende mwenyewe kwenye makao akachague mtoto ndipo arudi. Wa tatu aliambiwa kwa sababu hana mume asijisumbue, jambo ambalo sheria haisemi. Njia ilivyo kweli haina mafumbo: mwombaji anamwandikia Kamishna wa Ustawi wa Jamii kupitia kwa afisa ustawi wa halmashauri anakoishi, uchunguzi wa familia unafanyika, akikubaliwa anapewa mtoto kwa malezi ya kambo, yenye uangalizi, na baada ya kipindi hicho ndipo maombi ya kuasili hupelekwa mahakamani. Maelezo haya yanaenea kwenye karatasi moja. Kwa nini karatasi hiyo haibandikwi kwenye kila ofisi ya kata, kila kliniki ya mama na mtoto, kila Dawati la Jinsia na Watoto la polisi?

Pasipo maelezo, dalali huingia. Wenzetu wawili, mke na mume, walifuatwa nje ya hospitali na mtu aliyejua kwamba hawana mtoto, akawaambia kuna binti amejifungua na hawezi kulea, walete fedha na mtoto wataondoka naye jioni hiyohiyo. Walikataa. Lakini tunawajua wasiokataa, na tunajua pia kwamba wengi wao hawakuwa wahalifu moyoni. Walikuwa watu waliochoka kuuliza. Mtoto wa familia moja kati yao leo ana miaka ya kuanza shule na hana karatasi hata moja inayosema ni wa nani. Mama yake mzazi anaweza kubisha hodi kesho. Na wao hawawezi kwenda polisi wala ustawi, kwa sababu kumnunua mtoto ni kosa la jinai. Tunaomba kwa hiyo kitabu kidogo cha Kiswahili chepesi, kinachofanana katika halmashauri zote 184 za Tanzania Bara, kinachotaja kila hatua, kila nyaraka na kila malipo halali, na kinachosema waziwazi kwamba mtoto hana bei na anayetaja bei aripotiwe. Namba ya simu 116, ya kuwasaidia watoto, iandikwe kwenye jalada lake.

Kuhusu muda, hatutasema mengi. Kila mmoja wetu amesubiri, na kila mmoja amesubiri muda tofauti bila kuelezwa sababu. Jalada linaweza kulala kwa kuwa afisa amehamishwa na aliyekuja hajakabidhiwa. Barua inaweza kupotea kati ya ofisi na ofisi, ukaambiwa uanze upya, na cheti cha daktari nacho kimeshapitwa na wakati. Huku nje sisi watu wazima tunavumilia. Ila kule makao kuna mtoto aliyeingia hajaota meno, na sasa anakimbia uwanjani akimwita kila mwanamke anayepita getini mama. Miezi yake hairudi. Tunadai kila hatua iwekewe ukomo wa siku kwa maandishi. Kila mwombaji apewe barua ya kupokelewa yenye namba ya jalada. Na anayekataliwa aelezwe sababu, ili ajirekebishe au akate rufaa.

Mahakama nayo iko mbali na wengi. Anayeishi Ngara akiitwa mbele ya Jaji Bukoba anafunga safari na mtoto mgongoni, analala mjini, na kesi ikiahirishwa anarudi kama alivyokwenda. Gharama za wakili hazina kiwango tunachokijua. Tunaikumbusha Serikali kwamba tangu mwaka 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na kwamba tangu mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Tunaomba waombaji wenye kipato kidogo wahesabiwe miongoni mwa wanaostahili msaada huo, na fomu zote za kuasili zipatikane kwa Kiswahili. Baadhi yetu tulitia sahihi viapo vya Kiingereza ambavyo hatukuvielewa neno kwa neno, tukiapa juu ya jambo zito kuliko yote tuliyowahi kuapa.

Sasa tufike kwenye kiini cha risala hii, Mheshimiwa Waziri, na hapa tunaomba utuvumilie.

Mtoto anayeasiliwa haanzi maisha siku anapovuka kizingiti cha nyumba yetu. Amekwisha kuwa na maisha. Ameachwa, au amefiwa, au ameokotwa. Amezoea mama walezi wanaopokezana zamu, kengele ya chakula, na kulala chumba kimoja na wenzake. Halafu mchana mmoja anavalishwa nguo nzuri, anapewa begi dogo, anapandishwa kwenye gari la watu aliowaona mara chache, na anaambiwa: huyu ndiye mama, huyu ndiye baba. Watu wazima tunapiga picha na kulia kwa furaha. Yeye amepoteza kwa saa moja kila kitu alichokijua. Usiku wa kwanza katika chumba cha peke yake, chenye kitanda kipya na chandarua kipya, ni usiku wa hofu kwa mtoto ambaye hajawahi kulala bila kusikia pumzi za wenzake. Hilo hatukuambiwa.

Hatukuambiwa kwamba mtoto anaweza kuficha chakula. Mama mmoja kati yetu alikuta vipande vya mkate na matonge ya ugali yaliyokauka chini ya mto wa bintiye, akadhani ni wizi, akamkanya. Bibi wa nyumba alidhani ni zaidi ya wizi, akataka kumpeleka mtoto kwa mganga. Ni baadaye sana, kwa muuguzi aliyekutana naye kwa bahati, alipoelezwa kwamba mtoto aliyewahi kulala na njaa, au aliyekula kwa kugombania, huweka akiba kwa sababu haamini kwamba kesho kutapikwa. Na kwamba dawa yake ni kumwonyesha chakula kipo, kila siku, bila kumgombeza, hadi mwili wake uamini. Maneno hayo machache yangemfikia mapema, mtoto yule asingeadhibiwa kwa ajili ya njaa yake ya zamani.

Yapo mengi ya namna hiyo. Mtoto wa miaka sita anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha. Mtoto anayemkumbatia kila mgeni, na wenyeji wakamsifu kwa ukarimu, kumbe hajajifunza tofauti kati ya mtu wake na mpita njia. Mtoto asiyelia hata akianguka, kwa sababu alikwisha kujifunza kwamba kulia hakumleti mtu. Mtoto anayempenda baba na kumkataa mama kabisa, hadi mama akaanza kujiona hafai. Mzazi aliyeandaliwa huyatazama mambo haya na kujua ni jeraha linalopona polepole. Asiyeandaliwa huyaita ukorofi, au damu mbaya, au kurogwa. Na kutoka hapo hadi fimbo si mbali, na kutoka fimbo hadi kumrudisha mtoto makao si mbali pia.

Ndiyo, Mheshimiwa Waziri. Wapo watoto wanaorudishwa. Hatupendi kulitaja mbele ya hadhira, lakini risala isiyolitaja itakuwa imedanganya. Familia inamchukua mtoto kwa malezi ya kambo, mambo yanakuwa magumu, hakuna wa kumpigia simu, na asubuhi moja begi lile dogo linafungwa tena. Mtoto aliyeachwa mara ya kwanza hakuwa na akili ya kukumbuka. Mara hii anakumbuka. Wanaomrudisha huonekana watu wakatili, na wengine ni wakatili kweli, ila wengi walikuwa na nia njema na hawakuwa na maarifa. Kosa hili tunaliweka pia mlangoni kwa utaratibu unaompa mtu mtoto bila kumpa elimu.

Tunadai kwa hiyo mafunzo ya lazima kwa kila mwombaji kabla ya kukabidhiwa mtoto. Hatusemi semina ya hotelini yenye posho. Tunasema vikao vichache kwenye ofisi ya halmashauri, au hata siku za Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, vikiongozwa na afisa ustawi, muuguzi wa watoto, mama mlezi wa makao, na mzazi aliyekwisha kuasili. Mada ziwe hizi tulizozitaja: usingizi, chakula, hofu, adhabu, namna ya kujenga imani ya mtoto. Waume wahudhurie pia, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayejua kila kitu na baba anatia sahihi.

Na mtoto mwenyewe aandaliwe. Aonane na wazazi wake watarajiwa mara kadhaa, hapohapo makao alipozoea, kisha matembezi mafupi, kisha alale usiku mmoja na kurudi, kabla ya kuhama moja kwa moja. Aondoke na kitu chake: shuka lake, mdoli wake, hata kikombe chake cha plastiki. Mama mlezi aliyemzoea zaidi aende kumtembelea. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe kwa kuwa mwombaji alitaka mmoja. Na mtoto mwenye uwezo wa kueleza anachotaka asikilizwe, kama sheria inavyoagiza, asikilizwe na mtu mwenye muda, asiulizwe tu swali moja mlangoni kwa Jaji.

Tunaomba pia jalada la mtoto liwe jalada kweli. Baadhi yetu tulipokea karatasi moja yenye tarehe aliyookotwa na jina alilopewa na askari. Kadi ya kliniki haikuwepo, kwa hiyo mtoto alichomwa upya chanjo alizokwisha kuzipata. Kipimo cha selimundu hakikuwepo, na kuna mzazi aliyeujua ugonjwa huo kwa mara ya kwanza usiku mtoto alipozidiwa na maumivu ya viungo. Hatuulizi haya ili tumkatae mtoto mgonjwa. Tunauliza ili tumpe dawa mapema. Pamoja na afya, andikeni pia yale madogo yanayoonekana hayana maana: alilala na nani, anaogopa nini, anapenda uji wenye sukari au wenye chumvi, alipookotwa alikuwa amevaa nini, mtu aliyemwokota ni mzee au kijana. Siku moja mtoto huyo atakuwa mtu mzima na atauliza. Kwake hizo ndizo habari zote za mwanzo wake duniani, na asiyeziandika leo anamnyima milele.

Mheshimiwa Waziri, jambo jingine zito ni ukoo. Kwetu mtoto hapokelewi na watu wawili. Anapokelewa na bibi, babu, shangazi, mjomba na wifi. Watoto wa ndugu tumewalea tangu enzi za mababu, bila mahakama, na hakuna aliyeshangaa. Kuasili mtoto ambaye hajulikani kwao ni wapi ni jambo ambalo wazee wengi bado hawajalizoea, na ukimya wa mwombaji hulifanya liwe gumu zaidi. Wapo akina mama tunaowajua waliojifunga khanga tumboni miezi kadhaa, wakaenda kwa ndugu wa mbali, wakarudi na mtoto wakisema wamejifungua. Hatuwalaumu. Mwanamke aliyeitwa tasa na mgumba kwenye kila harusi na kila msiba anatafuta kupumua. Ila siri hiyo humtesa mtoto baadaye, kwa sababu siri za namna hiyo hutoka, na hutoka kwa mdomo wa mtu mwenye hasira. Binti mmoja aliijua shuleni, kwenye ugomvi wa darasani: mwenzake alimwambia yeye ni wa kuokotwa, na kumbe mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa yeye.

Wataalamu wa malezi wanashauri mtoto aelezwe mapema, kwa maneno ya umri wake, na aelezwe na wazazi wake. Tunakubaliana nao. Lakini nani anatufundisha maneno hayo? Mtoto wa miaka minne anauliza, mama, nilikuwa tumboni mwako? Unajibu nini, jikoni, huku maharage yanaungua? Tunaomba mafunzo tuliyoyadai yawe na somo hili, na tunaomba afisa ustawi, au kiongozi wa dini anayeaminika, akubali kualikwa kwenye kikao cha ukoo kabla mtoto hajaja, awaeleze wazee kwamba amri ya Mahakama Kuu inamfanya mtoto huyu kuwa wa wazazi waliomwasili kana kwamba wamemzaa, na haki zake zinaendelea hata wao wakifa. Tunasisitiza neno hilo la kufa. Tumeshuhudia msibani, kabla ya arobaini kufika, mashemeji wakimtoa mtoto nyumbani kwa kusema damu yake si ya kwao, na mjane akikosa hata nakala ya amri ya mahakama ya kuwaonyesha, kwa kuwa iliwekwa na marehemu mahali asipopajua. Wazazi washauriwe tangu mwanzo kuandika wosia na kutunza nakala, na RITA ambao wanahusika na wosia na usajili wa vizazi wapewe kazi ya kulieleza hilo siku mtoto anapoingizwa kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Cheti anachopewa mtoto huyo kisiwe na alama itakayomfanya mwalimu anayeandikisha darasa la kwanza kuuliza maswali mbele ya foleni.

Wenzetu Waislamu wana hoja yao, nasi wote tunaiunga mkono. Katika Uislamu kumlea yatima ni ibada kubwa, ila nasaba ya mtoto haibadilishwi. Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Mwislamu anayetaka kumpa mtoto nyumba, elimu na sehemu ya mali yake kwa wasia usiozidi theluthi, bila kumpa jina la baba asiyemzaa, anahitaji njia ya kisheria inayoitambua kafala, yaani malezi hayo yasiyobadilisha nasaba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20. Majirani zetu wa Kenya wameiweka katika Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022. Tunaomba Sheria ya Mtoto upande wa Bara nayo iitaje, iiwekee usajili na uangalizi, ili mtoto wa kafala asiwe na ulinzi mdogo kuliko mwenzake.

Kuhusu kazi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Marekebisho ya mwaka 2025 yamewakumbuka wanaojifungua njiti, nasi tuliyapokea kwa furaha. Lakini likizo hizo zimefungwa na kujifungua. Mama anayekabidhiwa mtoto Ijumaa anatakiwa kazini Jumatatu, amwache kwa dada wa kazi mtoto ambaye bado hajui kama mama huyu atarudi. Kenya iliweka mwaka 2021 likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili kwa mfanyakazi anayepewa mtoto kwa ajili ya kumwasili. Tunaomba isiyopungua hiyo. Na katika miezi ya malezi ya kambo, kabla amri ya mahakama haijatoka, barua ya ustawi wa jamii itoshe kumwingiza mtoto kwenye bima ya afya ya mlezi wake. Mtoto hangoji Jaji ndipo aumwe malaria.

Hatuwezi kumaliza bila kuwasemea maafisa ustawi wenyewe, ingawa baadhi yetu tuliwahi kuwakasirikia. Afisa anayetakiwa kutembelea nyumba za waombaji, kufuatilia kesi za ukatili, kwenda mahakama ya watoto na kuwaona wazee wasiojiweza, mara nyingi hana usafiri. Aliyekuja nyumbani kwa mmoja wetu alipanda bodaboda kwa nauli yake mwenyewe, kwenye mvua, na alikataa kurudishiwa fedha hizo akiogopa kuonekana anapokea rushwa. Mtu wa namna hiyo anastahili mafuta, simu na wenzake wa kumsaidia. Ajirini maafisa zaidi. Na kazi yao isikome amri inapotoka. Mwaka wa kwanza baada ya amri ndio wa matatizo mengi, na hapo ndipo tunapoachwa peke yetu.

Jambo la mwisho la kuandaliwa linatuhusu sisi waombaji. Wengi tunaomba kichanga, mzima, na mara nyingi wa kike. Watoto wa miaka saba, kumi, wenye ulemavu, wenye virusi vya UKIMWI, wanabaki makao wakiwaona wadogo zao wakiondoka. Mama walezi mliopo hapa mnawajua kwa majina. Mwombaji akikutana nao mapema, akasikia kutoka kwa familia iliyomlea mtoto mkubwa kwamba inawezekana, moyo wake unaweza kupanuka. Tunaomba mafunzo yafanyike huko makao walipo watoto hao, na familia zinazowachukua zipate usaidizi wa matibabu na vifaa.

Kwa upande wetu tunajitolea. Kila aliyetia sahihi risala hii yuko tayari kukaa na waombaji wapya wa wilaya yake, bila malipo, na kuwaeleza aliyoyapitia. Tuko tayari kusoma rasimu ya kitabu na kusema ni wapi hakieleweki. Wenye magari wamejiandikisha kuwapeleka maafisa kwenye uchunguzi wa familia nyingine, kwa utaratibu utakaowekwa na ofisi ili kusiwe na mgongano wa maslahi.

Mheshimiwa Waziri, tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai kabla ya mkutano wa Bunge la bajeti, ili yanayohitaji fedha yatengewe fedha mwaka huu, na yanayohitaji kubadilishwa sheria yaanze safari yake. Kile kitabu cha Kiswahili na ukomo wa siku havihitaji Bunge. Vinahitaji waraka wenye sahihi yako. Tunaomba tuanze na hivyo.